Majedwali, programu mojamoja au mfumo jumuishi: kuchagua chombo cha kusimamia utendaji na vipaji vya wafanyakazi

Mwaka mmoja, nikiwa ofisa wa rasilimali watu, tulimaliza tathmini za wafanyakazi siku mbili tu kabla ya kikao cha nyongeza za mishahara. Alama zote zilikuwa kwenye jedwali moja la Excel. Mwenzangu akaombwa apange majina kwa alfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake. Excel ikamuuliza kama anataka safu za jirani zifuate, naye kwa haraka akabonyeza kuendelea na safu ile ile aliyoichagua. Majina yakajipanga, alama zikabaki zilipokuwa. Hakuna aliyeshtuka hadi msimamizi mmoja alipomwona fundi wake hodari kuliko wote kwenye orodha ya wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu. Tulikesha tukirudia fomu moja baada ya nyingine.

Baada ya usiku ule nilikuwa wa kwanza kudai tununue mfumo mmoja unaobeba kila kitu. Tukanunua. Ulimaliza matatizo mengi, ukaleta mengine ambayo sikuyatarajia. Tangu hapo nimefanya kazi na aina zote tatu ninazolinganisha hapa: majedwali na fomu, programu mojamoja zilizobobea, na mfumo jumuishi. Nimejifunza kwamba orodha ya vipengele anayokuja nayo muuzaji haisaidii sana kuchagua. Kinachosaidia ni kujua, ndani ya taasisi yako, taarifa za mfanyakazi hukatikia wapi.

Tathmini moja, njia tatu

Chukua mfanyakazi mmoja, mkuu wa zamu mwenye miaka minne kazini. Msimamizi wake amemtathmini: anaongoza watu vizuri, bajeti inamshinda, na akipata mafunzo anaweza kushika nafasi ya meneja wa kitengo anayestaafu baada ya miaka miwili. Hapo kuna mambo matatu ya kufanyiwa kazi: alama inayogusa malipo, pengo linalohitaji mafunzo, na jina linalostahili kuwa kwenye orodha ya warithi wa nafasi. Tufuate kila jambo linavyosafiri.

Kwenye majedwali, tathmini hujazwa kwenye fomu ya Word au karatasi, husainiwa, kisha mtu wa rasilimali watu huinakili alama kwenye jedwali. Anayeshughulikia mishahara hunakili tena kwenye jedwali lake. Maneno kuhusu bajeti hubaki kwenye fomu, kwa sababu jedwali lina nafasi ya namba tu. Ofisa mafunzo hupanga kozi za mwaka kwa kuwaandikia wakuu wa idara barua pepe akiwauliza mahitaji yao, yaani anauliza upya jambo ambalo tayari limeandikwa na kusainiwa. Orodha ya warithi iko kwenye kompyuta ya mkurugenzi. Mara nyingi mkuu wetu wa zamu hupata nyongeza yake, lakini mafunzo yanamkosa.

Kwenye programu mojamoja, kila hatua ina chombo chake kizuri. Tathmini na mazungumzo ya kila wiki yako kwenye programu kama Lattice, 15Five au Culture Amp. Mafunzo yako kwenye jukwaa jingine. Kumbukumbu za ajira na mishahara ziko kwenye mfumo wa tatu. Maneno kuhusu bajeti yameandikwa vizuri na yanatafutika, ila jukwaa la mafunzo halijui kama yapo. Kuziunganisha kunahitaji ama API, yaani njia ya programu kuzungumza moja kwa moja, ama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, linalotumwa kila usiku kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Kwenye mfumo jumuishi uliosimikwa sawasawa, msimamizi anapoandika pengo la bajeti anachagua ujuzi unaohusika, kozi inapendekezwa palepale, na mkuu wa zamu anaiona kwenye ukurasa wake. Alama inaingia kwenye karatasi ya nyongeza bila mtu kuinakili. Kikao cha warithi kinapofunguliwa, jina lake limo pamoja na historia ya tathmini zake zote na kozi alizomaliza. Nimeliona hili likitokea, na ni jambo jema kwa mfanyakazi, kwa sababu alichoambiwa mezani na bosi wake hakipotei.

Nimetia neno “uliosimikwa sawasawa” kwa makusudi. Nitalirudia.

Swali la kwanza: mtu huyu ni nani, na anaripoti kwa nani leo?

Linaonekana swali dogo. Kwangu ndilo lililo zito kuliko yote, na wanunuzi wengi hulipita.

Tathmini yoyote inategemea mambo mawili: utambulisho wa mfanyakazi na jina la msimamizi wake. Yote mawili hubadilika. Watu huhamishwa idara katikati ya mwezi, wasimamizi huondoka, wengine hukaimu nafasi kwa wiki sita. Kwenye majedwali, mabadiliko haya huandikwa na anayekumbuka. Ukiunganisha majedwali mawili kwa majina badala ya namba ya mfanyakazi, watu wawili wenye jina moja hupewa alama ya mmoja wao bila mtu kujua, kwa sababu VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta, huleta jina la kwanza inalolikuta na kunyamaza.

Kwenye programu mojamoja tatizo huja kwa sura nyingine. Faili la usiku likishindwa kupita, hakuna kelele. Mfanyakazi aliyehamishwa tarehe 3 anaendelea kuonekana chini ya bosi wa zamani, fomu yake inafunguliwa kwa mtu asiyemsimamia tena, na mtu huyo anaweza kusoma maoni ya siri yasiyomhusu. Nimewahi kukuta faili la namna hiyo limekwama wiki tatu, kwa sababu safu moja iliongezewa herufi kwenye kichwa chake. Ukichagua njia hii, mteue mtu kwa jina wa kuangalia kila asubuhi kama faili limepita, na liandike hilo kwenye majukumu yake ya kazi.

Hapa mfumo jumuishi unashinda waziwazi, kwa sharti kwamba ni jumuishi kweli. Nayo si kila mara.

Nembo moja, ghala kadhaa

Historia ya soko hili ni historia ya kampuni za programu za rasilimali watu kununuliwa. Mwaka 2011 SuccessFactors ilinunua Plateau Systems, kampuni ya mifumo ya mafunzo. Desemba mwaka huohuo SAP ikatangaza kuinunua SuccessFactors yenyewe kwa dola bilioni 3.4. Miezi miwili baadaye Oracle ikatangaza kuinunua Taleo kwa dola bilioni 1.9, na kabla mwaka 2012 haujaisha IBM ilikuwa imeichukua Kenexa. Saba ilinunua Halogen mwaka 2017, kisha Cornerstone ikainunua Saba mwaka 2020. Workday ilianza mwaka 2005 kwa kujenga upya kutoka chini, chini ya Dave Duffield, yuleyule aliyeanzisha PeopleSoft, pamoja na Aneel Bhusri. Hata hivyo nayo ilinunua Peakon mwaka 2021 ili kupata chombo cha kusikiliza wafanyakazi.

Si dhambi kununua kampuni. Lakini vitu viwili vilivyozaliwa mbali vikivalishwa rangi moja, hifadhidata zake zinaweza kubaki mbili kwa miaka, zikipelekeana mafaili ya usiku kama zile programu mojamoja ulizokuwa unazikimbia. Tofauti ni kwamba sasa mafaili hayo huyaoni.

Kwa hiyo, kwenye onyesho la muuzaji, usimwache aendeshe yeye slaidi zake. Mwombe afanye kitu kimoja mbele yako: ambadilishe mfanyakazi wa mfano cheo na msimamizi, kisha afungue sehemu ya tathmini, ya mafunzo na ya warithi wa nafasi papo hapo. Cheo kipya kikionekana kotekote, una mfumo mmoja. Akisema “kitaonekana kesho asubuhi baada ya kusawazishwa”, umeshajua kuna ghala zaidi ya moja nyuma ya pazia. Unaweza bado kununua, lakini bei ya kitu jumuishi usiilipe.

Mazungumzo

Upande huu programu zilizobobea zimetangulia, na sioni haya kusema hivyo ingawa moyo wangu uko kwenye mifumo jumuishi. Zimejengwa na watu waliofikiria jambo moja: bosi na mfanyakazi wanazungumza lini, juu ya nini, na nani anakumbuka walichokubaliana. Ajenda ya kikao cha wawili hujazwa na pande zote, malengo yako pembeni, mrejesho wa mwenzako unaandikwa kwa dakika mbili kwenye simu.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye mabadiliko yaliyofanywa na kampuni kubwa zenyewe. Mwaka 2012 Adobe iliacha tathmini ya mara moja kwa mwaka na kuweka mazungumzo ya mara kwa mara. Microsoft iliachana mwaka 2013 na utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi kwa mafungu ya lazima, ambapo ni lazima baadhi yao wahesabiwe dhaifu. Deloitte ilipohesabu mwaka 2015, ikakuta kujaza fomu, kufanya vikao na kupanga alama kunakula karibu saa milioni 2 kwa mwaka, kwa wafanyakazi zaidi ya 65,000, na sehemu kubwa ya saa hizo ilikuwa viongozi wakijadiliana wao kwa wao kuhusu alama.

Mifumo jumuishi mingi ilizaliwa wakati fomu ya mwaka ndiyo iliyokuwa mfalme, na hilo bado linaonekana. Fomu ni ndefu, sehemu za lazima ni nyingi, na msimamizi mwenye watu kumi na wanane anaijaza usiku wa mwisho kwa kunakili sentensi zilezile. Sehemu za mazungumzo ya mara kwa mara zipo siku hizi karibu kwenye yote, ila zingine zimefichwa nyuma ya mibonyezo mitano. Kabla hujanunua, mkabidhi simu msimamizi wa kawaida, asiye wa ofisi yako, umwambie aandike mrejesho mmoja. Mwangalie tu bila kumsaidia. Hiyo itakufundisha kuliko ripoti yoyote ya washauri.

Majedwali hapa hayana la kusema. Mazungumzo mazuri yanaweza kufanyika bila programu, kwa daftari na kalenda, na nimewajua wasimamizi waliofanya hivyo kwa uaminifu miaka mingi. Jedwali haliwasaidii wala haliwazuii.

Alama mbovu husafiri kwa kasi ileile

Hili ndilo nililolijua kwa kuchelewa. Utafiti wa Scullen, Mount na Goff uliochapishwa mwaka 2000 ulichambua alama za mameneja 4,492, kila mmoja akiwa amepimwa na mabosi wawili, wenzake wawili na wa chini yake wawili. Ulikuta kwamba asilimia 62 ya tofauti za alama ilielezwa na tabia za mpimaji mwenyewe: jinsi anavyoona mambo, ukali wake, upole wake. Utendaji halisi wa anayepimwa ulieleza sehemu ndogo kuliko hiyo.

Sasa fikiria alama hiyo ndani ya mfumo jumuishi. Kwenye majedwali, alama ya bosi mkali ilichelewa njiani, na huko njiani watu waliweza kuuliza. Kwenye mfumo jumuishi, usiku uleule imegusa nyongeza ya mshahara, imemwondoa mtu kwenye orodha ya warithi, na imemsogeza kisanduku kingine kwenye lile jedwali la visanduku tisa la utendaji na uwezo. Kila skrini inaonyesha jambo moja, na kwa sababu zote zinakubaliana, viongozi huamini ni kweli.

Ukichagua mfumo jumuishi, basi, weka lango kati ya alama na matokeo yake: kikao cha kusawazisha alama, ambapo wasimamizi wa ngazi moja wanakaa pamoja na kila mmoja anaeleza kwa mifano kwa nini alitoa alama ile. Mifumo mikubwa ina skrini za kikao hiki na zinafaa kweli. Unamwona msimamizi aliyewapa watu wake wote alama za juu, na yule ambaye hakumpa hata mmoja. Programu zilizobobea nazo nyingi zinazo. Kwenye Excel utajichorea mwenyewe, na inawezekana.

Sheria nazo zinaelekea huko. Kanuni ya Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu haki ya kutoachiwa uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake, na sheria ya Ulaya ya akili bandia ya mwaka 2024 imeiweka mifumo inayotathmini wafanyakazi au kuamua kupandishwa kwao kwenye kundi la hatari kubwa. Hata kama haupo chini ya sheria hizo, muulize muuzaji: pendekezo hili la “anayefaa kupandishwa” limetokana na nini? Asipoweza kueleza kwa sentensi mbili, kizime kipengele hicho.

Siri

Kwa ufupi: orodha ya warithi wa nafasi ikiwa kwenye barua pepe, itavuja. Mfumo jumuishi huweka ruhusa kwa cheo na kuandika nani alifungua nini, na hiyo ni sababu tosha ya baadhi ya taasisi kuununua. Lakini ruhusa hizo hupangwa na binadamu. Ingia kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida kabla ya kufungulia watu wote, uone mwenyewe anachoweza kusoma.

Gharama ambazo hazimo kwenye nukuu ya bei

Majedwali huitwa ya bure. Tuseme una wafanyakazi 400, na kila fomu inakula dakika 20 za kufuatilia, kunakili na kurekebisha. Hizo ni zaidi ya saa 130 kwa kila mzunguko, nazo ni saa za mtu aliyesomea kazi nyingine. Ukifanya tathmini mara mbili kwa mwaka, hesabu imeongezeka maradufu.

Programu mojamoja na mifumo jumuishi hulipiwa kwa kila mfanyakazi, kwa mwezi au kwa mwaka. Tazama mambo haya kwenye mkataba: idadi ya chini ya leseni hata kama watu watapungua, ongezeko la bei kila mwaka, na moduli, yaani sehemu za mfumo, zinazouzwa kwa kifurushi. Nimeona taasisi ikilipia moduli ya warithi wa nafasi miaka mitatu bila kuifungua. Kwa mfumo jumuishi ongeza washauri wa usimikaji, kusafisha data za zamani, na mtu wa kudumu wa kuuendesha. Bila mtu huyo, mabadiliko madogo ya fomu yatasubiri mshauri wa nje, kwa ankara. Hilo ndilo “sawasawa” nililolisema mwanzoni: mfumo haujisimamii.

Zipo pia programu huria, yaani zenye msimbo ulio wazi kwa wote, kama OrangeHRM na Frappe HR, ambazo zina sehemu za tathmini na unaweza kuziweka kwenye seva yako. Ukiwa na mtaalamu wa kompyuta anayeaminika na asiyeondoka kesho, zinastahili kujaribiwa kabla ya zile kubwa. Usipokuwa naye, ziache.

Jambo moja husahaulika karibu kila mara: wafanyakazi wasio na barua pepe ya kazi. Wa ghalani, wa usafi, madereva, wa zamu za usiku. Mifumo mingi huanza kwa kudai barua pepe. Uliza kama mtu anaweza kuingia kwa namba ya simu au namba ya mfanyakazi, kama fomu zinaweza kuandikwa kwa lugha anayoizungumza, na kama ukurasa unafunguka kwenye simu ya kawaida yenye mtandao hafifu. Mfumo wa vipaji unaoonyesha vipaji vya walio ofisini peke yao utawapandisha walio ofisini peke yao.

Ningechagua vipi

Chini ya watu 100 hivi, ningebaki na fomu na jedwali, ila jedwali moja tu, lenye namba ya mfanyakazi kama ufunguo, lililo sehemu moja ya pamoja, na safu ya pengo la ujuzi karibu kabisa na safu ya alama. Safu hiyo moja inatibu nusu ya ugonjwa niliousimulia.

Ukishavuka hapo, jiulize kinachokatika ni nini. Kama wasimamizi hawazungumzi na watu wao, nunua programu iliyobobea kwenye mazungumzo, ndogo, ya mwaka mmoja. Mfumo mkubwa hautamfanya bosi mkimya aseme. Utampa fomu ndefu zaidi ya kutoijaza. Kama wanazungumza vizuri lakini yaliyosemwa hayafiki kwenye mafunzo, malipo na nafasi, hapo ndipo mfumo jumuishi unalipa gharama yake, hasa mkiwa mamia kadhaa na kuendelea, mmetawanyika vituo vingi, na watu wanahamahama. Anza na kumbukumbu za ajira ziwe safi, ndipo uongeze tathmini, kisha mafunzo, na warithi wa nafasi mwisho. Waliofungua vyote siku moja ninaowajua walirudi Excel kimyakimya ndani ya mwaka.

Na kabla ya kusaini chochote, omba faili la mfano la siku ya kuondoka. Mwambie muuzaji akupe tathmini za mfanyakazi mmoja wa majaribio kama utakavyopewa mkataba ukiisha. Baadhi watakutumia PDF moja ya kurasa arobaini, ambayo hakuna mfumo mwingine utakaoweza kuisoma. Unachotaka ni mafaili yenye safu: namba ya mfanyakazi, tarehe, lengo, alama, maoni, jina la aliyetathmini. Lifungue ukiwa naye mezani, uhesabu safu, kisha sharti hilo liandikwe kwenye mkataba pamoja na idadi ya siku atakazopewa kulikabidhi.